Ligi ya Mapovu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, usije ukasoma kurasa zote hizi ukinihurumia halafu mwishoni ukajuta. Mwaka jana, nikiwa nimelazwa wodi ya mifupa, nilichukua chupa moja kubwa ya maji, nikatia mrija mmoja, nikawapa wanaume wagonjwa waipulize kwa zamu, huyu akimaliza anampa mwenzake, kila siku kwa karibu wiki tatu. Nilifanya hivyo katika wodi ambayo sista mmoja alikuwa anazunguka kila asubuhi akitafuta nani amepata nimonia akiwa humohumo hospitalini. Nikaiita ligi. Nikajiita kamishna. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, paja la kulia limevunjika kwa ajili ya ukuta wa shule, ambao niliuruka kwa sababu ambazo mwalimu wa nidhamu anazo kwenye faili lake na sioni haja ya kumnyang'anya kazi.

Yote haya yamenirudia kwa sababu ya Baraka. Baraka ni dereva wa bodaboda, tulilazwa wote, yeye kitanda cha pili, mimi cha tano. Juzi nilikuwa natoka tuisheni, Ilemela, nimechoka kichwa kinauma kwa ajili ya logarithimu, nikasikia mtu anapaza sauti toka ng'ambo ya barabara: "Oya! Kamishna!" Akavuka na pikipiki yake, akanipiga bega, akaanza kucheka kabla hata hatujasalimiana. Akanikumbusha mayai, akanikumbusha saa ya kwenye simu yangu, akanikumbusha jinsi alivyokuwa anazunguka na ile chupa kama kombe. Halafu akasema, "Yaani dogo, kama si wewe ningekufa kwa upweke mle ndani." Nikacheka. Ndiyo kazi yangu, kucheka. Baraka alikaa siku tisa na homa, amewekewa dripu, hakumbuki nusu ya mambo, na mpaka leo hajui kwamba si upweke ulioelekea kumuua. Nilifika nyumbani nikalala na sare. Najua mtu wa miaka kumi na saba anayeandika kumbukumbu za maisha anachekesha, maisha yenyewe bado yako kidato cha nne yanasubiri namba ya mtihani. Lakini kuna mwaka unaweza kukuchosha kuliko miaka yako.

Wodi yetu ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda kumi na madirisha yanayotazama mawe. Mwanza ni mawe tu, hata ukilazwa yanakuja kukuona. Mguu wangu ulikuwa umeinuliwa kwa kamba inayopita kwenye gurudumu dogo na kuning'iniza mzigo chini ya kitanda, kwa hiyo kwa wiki saba dunia yangu ilikuwa dari, dirisha moja, na jirani yangu wa kitanda cha sita, Mzee Masanja. Huyu alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Magu. Mkokoteni wa ng'ombe ulipinduka naye juu, akavunjika mbavu nne na nyonga. Watu wake walikuwa mbali na msimu wa kuvuna ulikuwa umefika, binti yake alikuja mara moja, akalia, akarudi mashambani. Basi Mama yangu alipoona mzee wa watu anakula uji wa hospitali peke yake, hakuuliza. Siku iliyofuata alileta hotipoti mbili badala ya moja. Wali kwangu, uji wa ulezi kwa mzee, kwa kuwa alikuwa hawezi kutafuna bila mbavu kumkumbusha mkokoteni. Jumapili alileta michembe ya viazi vitamu kwa karanga, akaiponda mpaka ikawa laini. Mzee alikuwa anamwita "mayu", yeye mwenye mvi akimwita mama yangu mama, na kila kijiko anasema "wabeja", asante ya Kisukuma. Nilikuwa nahesabu. Uji mmoja, wabeja kumi na saba.

"Mjukuu," Mzee aliniambia siku moja, "huyu mama yako ni wa kwenu kweli au mmeazima?"

"Tumeazima, Babu. Wenyewe hawajui."

Sasa Sista Yunisi. Kila asubuhi saa mbili kamili alikuwa anaingia na ubao wa kuandikia, fomu, na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Si yeye aliyekuwa anachoma sindano wala kubadilisha shuka. Kazi yake ilikuwa kufuatilia, kitanda kwa kitanda, maswali yaleyale kama anaswali. Uliingia lini? Kuna homa? Kikohozi? Kimeanza lini? Kikavu au kina makohozi? Rangi gani? Alitueleza mara moja tu, na alieleza vizuri: ukija na kikohozi chako toka nyumbani, hicho ni chako. Kikianza baada ya siku mbili kamili ukiwa umelala hapa, hicho ni cha hospitali, tumekupa sisi, na ni lazima tujue tumekupaje. Alisema watu waliovunjika mbavu na nyonga hawavuti pumzi vizuri kwa sababu ya maumivu, mapafu yanalala, na kichomi kinapata nyumba. Wodini kwetu, alisema, mfupa unaweza kupona na mtu akaenda kwa kifua.

Mimi nilikuwa namjibu kila siku tofauti. "Sista, nina kikohozi cha hesabu, kinanianza vipindi vya asubuhi." Hakucheka hata siku moja. Aliandika huku akisoma kwa sauti: "Kitanda cha tano. Hana kikohozi. Ana mdomo."

Ni yeye aliyeleta chupa. Alikusanya chupa za maji za nusu lita, akazijaza maji mpaka nusu, akakata mipira ya dripu mipya, akampa kila mtu yake na jina lake kwenye plasta. "Unapuliza polepole, mapovu yanatoka, unapumzika. Mara kumi, kila baada ya saa mbili. Mapafu yanafunguka. Chupa yako ni yako, kama mswaki." Nakumbuka kabisa alisema kama mswaki. Nimejaribu mwaka mzima kukumbuka kwamba hakusema, sijafaulu.

Tatizo lilianza kwa sababu ya haki. Ukishawapa wanaume kitu cha kupuliza, watataka kujua nani anapuliza zaidi. Baraka alipuliza sekunde ishirini na mbili, nilimpima kwa simu. Mzee Masanja na mbavu zake akapuliza ishirini na tano. Baraka akakataa katakata. "Aah, chupa ya Mzee maji kidogo! Ile ni nyepesi, hata mtoto anapuliza." Mzee naye akasema mrija wa Baraka una tundu pana. Fundi mwashi wa Misungwi, kitanda cha tisa, aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi, akasema bila kipimo kimoja hakuna mashindano, ndivyo ilivyo hata kwenye tofali. Wote wakanigeukia mimi. Ni mimi niliyekuwa na saa, na niliyekuwa na mdomo. Nikakaa kama jaji, nikatoa hukumu: chupa moja kwa wote, mrija mmoja, alama moja ya plasta, maji yasipungue wala kuzidi. Walifurahi! Nilikuwa sijawahi kusema jambo likakubaliwa na watu wazima wengi namna ile. Baraka akaleta chupa ya lita tano, nikachora alama, ligi ikaanza.

Tulikuwa tunacheza saa tisa mchana, wageni wakishatoka na manesi wakiwa wanakunywa chai. Baraka alivunjika mfupa wa bega na mbavu, ndiye pekee mwenye miguu, kwa hiyo ndiye aliyezungusha chupa: kitanda cha pili, cha tisa, cha saba, cha sita. Zawadi ilikuwa nusu yai la kuchemsha la kifungua kinywa cha kesho. Kitanda cha kwanza kulikuwa na mwinjilisti mmoja aliyekataa kucheza kwa hoja kwamba ni kamari ya mayai, tukamwita Mtakatifu Omleti. Mimi sikupuliza, refa hachezi. Mzee Masanja akawa bingwa siku ya nne kwa sekunde thelathini na moja. Tulimuuliza siri. Akasema toka utoto anaita ng'ombe kwa mluzi mmoja mrefu ng'ambo ya mbuga, ng'ombe hawamjui kwa jina, wanamjua kwa pumzi. Alicheka akashika mbavu, akasema "yalaa", akacheka tena. Nesi mmoja alichungulia, akaona wagonjwa wanafanya mazoezi kwa bidii, akatusifu. Baadaye chupa ikarudi chini ya kitanda changu, nyuma ya beseni, na maji yaleyale ndani. Kuyamwaga kungeharibu kipimo. Yakipungua tuliongeza ya bombani.

Fundi wa Misungwi ndiye aliyeanza kukohoa. Sista Yunisi alimpitia asubuhi, akauliza yale yake, akabadilisha kalamu. Nyekundu. Siku mbili baadaye Baraka akaamka anatetemeka, meno yanagongana kama kete kwenye kikopo. Nyekundu. Halafu kitanda cha saba. Ligi ikasimama yenyewe, wachezaji waliisha. Sista akaacha kuandika kwenye fomu peke yake, akaja na karatasi ya miraba aliyochora wodi nzima, vitanda kumi, mlango, bomba, madirisha. Akawa anasimama katikati ya chumba anaitazama karatasi, anatutazama sisi, anairudia karatasi. Alikagua ndoo ya kusafishia. Alisimama mlangoni na kuhesabu nani ananawa mikono na nani anapita tu, mpaka daktari mmoja mkubwa akarudi bombani kama mtoto aliyekamatwa. Ugonjwa haukufuata mlango wala dirisha. Uliruka. Tisa, mbili, saba. Nilimsikia akimwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu ambaye hajakaa chini tangu alfajiri: "Hauendi kwa jirani. Ungekuwa wa hewa ungeenda kwa jirani. Huu unachagua watu."

Ndipo Mzee Masanja akaanza. Kwanza aliacha kusema wabeja. Mama akampa kijiko, akameza, kimya. Kesho yake uso ulikuwa wa moto na pumzi fupifupi, kama mtu anayepanda mlima wakati amelala. Kukohoa hakuweza, mbavu zilimkataza, kwa hiyo hata makohozi ya kupeleka maabara hayakupatikana. Walimwekea dawa ya mshipani waliyowapa wenzake. Wenzake walikuwa vijana, walikuwa wanajikokota kurudi. Yeye alizidi kushuka.

Sista aliuliza nani anamlisha. Nikasema Mama yangu, na nilisema kwa majivuno. Mama alipokuja mchana na hotipoti zake, Sista akamwita pembeni, pembeni ya wodini, yaani hatua tatu kutoka kitanda changu, nikasikia kila kitu.

"Dada, huwa unamlisha amekaa au amelala?"

"Amelala. Nyonga haimruhusu kukaa. Namwinua kichwa kidogo hivi."

"Uji wa mtu aliyelala unaweza kupita njia ya hewa. Unaingia kifuani. Sisemi ndiyo hiyo. Lakini kwa sasa naomba usimlishe. Tutampitishia kwa mpira."

Mama akasema, "Haya, Sista. Shukrani." Akarudi, akakaa kwenye kiti kati ya kitanda changu na cha mzee. Akafunua hotipoti ya uji, akaitazama, akaifunika. Kijiko akakifuta kwa kitenge, akakifunga kwenye pindo kama watu wanavyofunga kitu ambacho hawataki kukipoteza wala kukiona. Akanipakulia wali na samaki wangu, sato wa kukaanga. Halafu akaniuliza, polepole, "Deo, wewe ulikuwa unaniona. Hivi nilikuwa namlaza vibaya?"

Nikasema, "Sijui, Mama." Nilisema nikitafuna.

Siku ileile, ilikuwa Jumanne, Sista aliegesha ile karatasi ya miraba juu ya meza yangu ya kitandani akimpima mzee joto. Nikaisoma kichwa chini miguu juu. Tisa, mbili, saba, sita. Nyekundu nne. Nilikuwa na daftari langu la ligi chini ya mto, sikuhitaji kulifungua. Waliougua wote walikuwa wachezaji. Waliokuwa wazima wote walikuwa watazamaji, na Mtakatifu Omleti alikuwa amekaa anasoma Zaburi, mzima kabisa, kifua safi. Unajua pale unapokosa ngazi moja na mguu unatafuta ardhi? Niliishi hapo, nikiwa nimelala.

Mtu atauliza kwa nini sikusema palepale. Mimi mwenyewe naulizwa hilo swali na mimi kila wiki. Nilijiambia sina uhakika. Nilijiambia Sista ni mtaalamu, atafika mwenyewe. Nilijiambia wenzake wanapona, na yeye atapona, kesho nitasema, kesho akiwa na nafuu itakuwa hadithi ya kuchekesha. Kumbe mtu anayejulikana kwa utani ana shida moja ambayo hakuna anayekuambia mapema: hana sauti nyingine. Kila nilipojaribu kupanga sentensi kichwani ilitoka na mzaha ndani yake, na mzaha huo ulikuwa unapumua kwa shida kitanda cha sita. Kwa hiyo nikala. Nilikula kuliko nilivyowahi kula. Mama alikuwa anakuja kila mchana, ananipakulia, halafu anapiga magoti sakafuni kando ya kitanda cha mzee, na visigino vyake vyenye vumbi la kutembea kutoka stendi vikinielekea mimi, anaomba kwa sauti ya chini kwamba Mungu aonyeshe ugonjwa huu umetoka wapi, na kama ni mkono wake, amsamehe. Kama ni mkono wake! Mimi naomba chumvi.

Siku ya tisa baada ya Jumanne ile, Alhamisi, madaktari walipita asubuhi. Yule mkubwa alimsikiliza Mzee Masanja kifuani muda mrefu, akavua kipimo masikioni, akamwambia Sista bila kupunguza sauti, labda alidhani nimelala: "Dawa haimgusi. Hatujui tunapigana na mdudu gani. Mpigieni binti yake Magu. Aje leo, asingoje kesho." Wakaenda kitanda cha saba. Sista akabaki anaandika. Mzee alikuwa na mpira wa oksijeni puani, macho nusu, na mdomo umekaa vilevile alivyokuwa anauweka kupuliza, mviringo mdogo.

"Sista."

"Kitanda cha tano, leo sina muda wa mdomo wako."

"Sista, ni chupa."

Akaendelea kuandika. "Chupa gani?"

"Walikuwa wanapuliza chupa moja. Wote wanne. Mrija mmoja. Mimi ndiye niliyeianzisha. Iko chini ya kitanda, nyuma ya beseni."

Alivaa glavu, akainama, akaitoa ile chupa ya lita tano na alama yangu ya plasta, akaiinua kuelekea dirishani. Mwanga wa asubuhi ulipita ndani yake na wote wawili tukaona. Maji yalikuwa na ukungu, na ndani ya mrija kulikuwa na utelezi wa kijani, umeshikilia kuta zake toka juu mpaka chini.

"Umejua tangu lini?"

"Jumanne."

"Hii juzi?"

"Ya wiki iliyopita."

Akaandika. Nilikuwa nasubiri kofi, kelele, chochote, na mtu anaandika. Halafu akaita maabara, chupa ikaondoka imefungwa ndani ya mifuko miwili. Daktari mkubwa hakusubiri majibu. Aliposikia maji yaliyokaa mwezi mzima kwenye joto la wodi, alibadilisha dawa saa ileile, akasema mdudu wa maji machafu ana dawa zake, na hii tuliyokuwa tunampa alikuwa anaicheka. Majibu yalipokuja baadaye yalisema hivyohivyo. Kabla hajaondoka, Sista Yunisi alisimama miguuni pangu, pale penye kamba na mzigo. "Mama yako nitamwomba radhi mimi kwa habari ya uji," akasema. "Hilo lingine utamwambia wewe."

Nilimwambia mchana. Nilimwambia kabla hajafungua hotipoti, nikitazama dari, toka chupa mpaka Jumanne, na kwa mara ya kwanza maishani haikutoka na kichekesho hata kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipakulia wali, akaweka sahani kifuani pangu, akageuza kiti kikatazama kitanda cha sita. Aliondoka bila kuniaga. Kesho yake vilevile, na keshokutwa: shikamoo yangu ilipata marahaba kavu, sahani, kiti kinageuka. Binti ya mzee alikuwa amefika toka Magu, akawa anamkanda baba yake miguu, naye Mama anamkanda upande wa pili, wanaongea Kisukuma chinichini. Mama hakumwambia chochote kuhusu mimi. Nilikuwa nasikiliza, nangoja jina langu, halikutajwa. Homa ya mzee ilishuka nyuzi moja, ikapanda, ikashuka. Siku ya nne ya dawa mpya walimtoa oksijeni kwa saa moja, wakamrudishia. Nilikuwa sijui mtu anaweza kuchoka kwa kulala chali na kuhesabu pumzi za mtu mwingine.

Siku ya sita Mzee Masanja aligeuza kichwa, akamwona Mama, akasema, sauti kama karatasi, "Mayu. Uji hakuna?" Sista Yunisi mwenyewe alikuja na mito mitatu, akamwinua kwa pembe aliyoitaka yeye, akamwambia Mama, "Hivi, Dada. Kidogo kidogo, na ukimaliza abaki ameinuka." Mama akafungua pindo la kitenge. Alimlisha taratibu, akimpumzisha kati ya kijiko na kijiko, na ilichukua karibu saa nzima kumaliza kikombe nusu. Binti alilia akatoka nje. Mimi nilikuwa nimeshika sahani yangu, nimesahau kula. Mama akafuta mdomo wa mzee, akafuta kijiko, akageuza kiti. Alinitazama, macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi kwa wiki mbili, halafu akasema:

"Deo, mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu hii, namwomba Mungu anijibu mzee wa watu anaumwa nini, kumbe Mungu alishajibu siku nyingi, jibu limelala hapo kitanda cha tano, linakula wali wangu na kuomba chumvi."